Baba anataka arushe, kocha anamtaka adake

Kwako Mwalimu,

Pole na kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Donholm. Kifungua mimba wangu ni msichana wa miaka 15, yuko Gredi ya 10, na ndiye anayenikosesha usingizi.

Alipokuwa mdogo alicheza kati na raunda hapa mtaani kwa mpira wa soksi kuukuu na karatasi za nailoni, mpaka giza liingie na nimwite mara tatu. Alipofika Gredi ya 7, mwalimu mmoja kijana alileta softiboli shuleni kwao, ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia kuzunguka vituo vinne viitwavyo besi, na tangu siku hiyo nyumba yetu haizungumzi jambo lingine. Siku za wiki anacheza shuleni. Jumamosi anajifua na wasichana wengine kwenye uwanja wa soka wanaoachiwa asubuhi na mapema, kabla wenyewe hawajafika. Ndoto yake ni kucheza chuo kikuu Marekani na kusomeshwa na mchezo huo. Ameiandika kwenye karatasi akaibandika juu ya kitanda.

Shida yetu ni nafasi ya kucheza. Baba yake anataka awe mrushaji. Alitazama softiboli ya Olimpiki akaona kamera haibanduki kwa mrushaji, basi akaamua. Amenunua mipira sita, na akitoka kazini humshusha mtoto hadi kwenye maegesho ya magari arushe ukutani hadi majirani wa chini wabishe mlango. Kaka yangu anayeishi Texas naye anapiga simu kila Jumapili: acheni mambo ya kurusha, mfanyeni shotstopu, yule mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu, maana makocha wa vyuo huchukua mashotstopu kwanza. Halafu kuna kocha wake wa Jumamosi. Mdakaji wao alipohama muhula uliopita, kocha alimchuchumaza binti yangu nyuma ya mpigaji, na sasa anasema hapo ndipo pake.

Mimi mchezo siujui. Ninachojua ni magoti. Mtoto achuchumae saa mbili kila wiki, akifika miaka 30 atatembeaje? Mwezi jana mpira ulimpiga pajani akarudi na alama ya bluu yenye upana wa kisahani. Nilitaka kulia, yeye anacheka, na alitusimulia mpaka saa nne usiku jinsi alivyomtoa msichana aliyejaribu kuiba besi ya pili, yaani kuikimbilia bila mpira kupigwa. Uwanjani anawapangia wenzake na kuwapigia kelele kama makanga jioni. Kurusha pia anaweza, si haba, lakini wiki ambayo Jumamosi atarusha, Ijumaa jioni analalamika tumbo na chakula anakiacha mezani. Tumempeleka hospitali, hawakuona kitu.

Umbo lake ni la marehemu mama yangu: si mrefu, amejaa mabega na mapaja. Mbio zake ni za wastani. Anatumia mkono wa kulia na gongo analipiga kwa nguvu.

Kuna jingine. Mtu anayejiita wakala ametuambia kwamba mtoto akiwa mrushaji atamhakikishia skolashipu kamili, ila tulipe kwanza shilingi 150,000. Baba watoto anafikiria kuchukua mkopo kwenye sacco. Nikimwuliza mtoto mwenyewe ananijibu, "Mum, popote, bora nicheze." Nisaidie, Mwalimu. Mwaka ukipotelea kwenye nafasi isiyo yake, nani atamrudishia?

Mama Kifungua Mimba, Donholm

*

Mama Kifungua Mimba,

Asante kwa kuniandikia kwa urefu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nikapiga mstari chini ya mambo mawili: paja la bluu na tumbo la Ijumaa. Nitayarudia. Kwanza nizungumzie huo mkopo, kwa sababu hauwezi kungoja.

Tafadhali usichukuliwe. Hakuna wakala duniani anayeweza kumhakikishia mtoto skolashipu ya softiboli, kwa sababu anayeamua ni kocha wa chuo pamoja na chuo chenyewe, baada ya kumwona mtoto na kusoma matokeo yake. Hayo maneno "skolashipu kamili" nayo yapimeni vizuri. Kwa miaka mingi timu ya daraja la kwanza la NCAA, chama kikuu cha michezo ya vyuo vya Marekani, iliruhusiwa skolashipu 12 tu, zikagawanywa vipande vipande kwa wachezaji 20 na zaidi. Mmoja akapata robo, mwingine nusu. Kuanzia msimu wa 2025–26 vyuo vilivyoingia kwenye makubaliano mapya havina tena kikomo hicho, vina kikomo cha wachezaji 25, lakini hilo halina maana kwamba kila mchezaji analipiwa kila kitu. Daraja la tatu halitoi kabisa pesa za michezo, linatoa msaada kwa kuangalia masomo na hali ya familia. Kuna pia vyuo vya NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo, na vyuo vya miaka miwili ambavyo huwafadhili wachezaji, na wasichana wengi kutoka nje ya Marekani huanzia huko. Mtu anayekuja mezani kwenu na kusema "kamili, nahakikisha", bila hata kumwona mtoto akipiga mpira mmoja, hajui anachouza au anajua vizuri sana.

Kuandika barua pepe kwa makocha na kujisajili kwenye kituo cha NCAA kinachokagua masomo ya wachezaji ni kazi ambayo familia inaifanya yenyewe kwenye intaneti. EducationUSA, huduma ya ushauri inayoungwa mkono na serikali ya Marekani, ina kituo hapa Nairobi, na huko ndiko ningekwenda kuuliza habari za vyuo, maombi na viza kabla sijampa mtu shilingi moja. Kwa pesa mliyo nayo, nunueni kifaa kimoja nitakachokitaja baadaye.

Sasa nafasi.

Nianze na baba, kwa sababu hajakosea katika alichokiona. Kila kitu katika softiboli huanza mkononi mwa mrushaji, na mrushaji bora hutafutwa kuliko mchezaji mwingine yeyote. Kama alikuwa akitazama Olimpiki, huenda aliwahi kumwona Mjapani Yukiko Ueno. Mwaka 2008 kule Beijing mama huyo alirusha mipira 413 katika mechi tatu ndani ya siku mbili, na Japani ikaishinda Marekani kwenye fainali. Fainali ya Tokyo ilipochezwa mwaka 2021, akiwa na miaka 39, alikuwa bado anarusha, na Japani ikachukua dhahabu tena. Baba yeyote akiona hayo atamtaka mwanawe pale katikati.

Ila kurusha kwa softiboli ni ufundi wa pekee. Mkono unazunguka duara zima kutoka chini, mpira unaachiwa karibu na nyonga, na wale wa chuoni huurusha kwa kasi ya kati ya kilomita 95 na 110 kwa saa kutoka umbali wa mita 13 tu. Kasi peke yake haitoshi. Lazima awe na mpira unaopanda, unaodondoka, na ule wa polepole unaomfanya mpigaji azungushe gongo kabla haujafika. Wasichana wa Marekani wanaogombea nafasi hizo wengi wao walianza wakiwa na miaka tisa au kumi, na walimu wa kurusha tu, mara kadhaa kwa wiki, mwaka hadi mwaka. Binti yako ana miaka 15, anarusha ukutani, na ukuta hauwezi kumwambia kwamba nyonga yake imefunguka mapema. Si kwamba haiwezekani. Ningekuwa nimesikia kutoka kwako kwamba anaamka kabla ya jua kwenda kurusha bila kuambiwa, ningekuwa naandika jibu lingine. Ulichoniandikia ni kwamba anaumwa tumbo.

Tumbo hilo, mama, mimi naliamini. Nimefundisha wasichana mchezo huu kwa miaka mingi na nimeliona mara nyingi. Si uoga wa mchezo, maana huyohuyo anapigwa na mpira pajani na kurudi akicheka. Ni mzigo wa kufanya jambo ambalo linampendeza mtu mwingine kuliko yeye. Mtoto anayempenda baba yake hawezi kulisema kwa mdomo. Ndiyo maana anakwambia "popote".

Kaka yako wa Texas naye ana hoja. Shotstopu, anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu, kwa kawaida ndiye mwanariadha bora wa timu ya shule, na makocha wa vyuo humchukua wakijua watamhamishia besi ya pili, ya tatu au hata uwanja wa nje. Kwa msichana mwepesi wa mbio huo ni ushauri mzuri. Binti yako umesema mbio zake ni za wastani. Tena mfikirie yule kocha wa chuo aliye kilomita 13,000 kutoka hapa, anatazama video ya shotstopu kwenye uwanja wa soka wa Nairobi wenye vichuguu na kokoto. Mpira umeruka vibaya ukampita. Kocha hawezi kujua kosa ni la nani. Na akiudaka vizuri, bado hajui aliyeupiga ni mpigaji wa aina gani.

Hapa ndipo ninapokubaliana na kocha wa Jumamosi, na ninayo sababu ambayo pengine yeye hajakupa.

Kazi ya mdakaji inapimika kwa saa, popote alipo. Kutoka besi ya nyumbani, pale mpigaji anaposimama, hadi besi ya pili ni karibu mita 26. Saa inaanza mpira unapogusa glavu ya mdakaji na inasimama unapogusa glavu ya mwenzake kwenye besi ya pili. Sekunde 2 kwa msichana wa shule ni mwanzo unaoeleweka. Akifika 1.8 au chini yake, kocha wa chuo ataketi vizuri. Hesabu yenyewe ni hivi: mkimbiaji haruhusiwi kuondoka besi mpaka mpira utoke mkononi mwa mrushaji, na msichana mwepesi huzimaliza zile mita 18 kwa kama sekunde 3 au pungufu kidogo. Mpira unatumia kama nusu sekunde kumfikia mdakaji. Kilichobaki ni chake, pamoja na ile chembe ya muda ya kumgusa mkimbiaji. Kwa hiyo tofauti ya 2.1 na 1.8 ndiyo tofauti ya kumwona mtu akisimama salama kwenye besi na kumwona akirudi kuketi.

Namba hiyo haijali uwanja una kokoto, haijali wapinzani ni wazuri au wabaya, na haimhitaji kocha apande ndege. Anachukua video isiyokatwakatwa, anabonyeza saa yake mwenyewe huko aliko, anapata jibu. Mtoto wa Donholm na mtoto wa California wanapimwa kwa saa ileile. Kwa msichana ambaye hakuna kocha wa chuo atakayekuja kumtazama Jumamosi asubuhi, sijui nafasi nyingine inayompa haki kama hiyo. Kasi ya mrushaji nayo hupimwa, lakini inataka mashine.

Halafu ufundi mwingi wa mdakaji haudai uwanja mzima. Kuuhamisha mpira kutoka glavu hadi mkononi kwa haraka, anaweza kufanya sebuleni akitazama habari, mara hamsini. Kuuziba mpira unaodunda mbele yake, atumie mipira ya tenisi kwenye korido, mdogo wake akimrushia. Kuupokea mpira kwa utulivu, bila kuuvuta mkono kama mwizi, ni kazi ya maegesho yaleyale na baba yuleyule. Majirani watakushukuru.

Kuna na la sauti. Mdakaji ndiye pekee anayewatazama wenzake wote usoni. Wengine wote wanatazama besi ya nyumbani. Anahesabu waliotoka, anawakumbusha mpira uende wapi, anamtuliza mrushaji aliyepoteza shabaha. Umeniambia anawapanga wenzake kama makanga jioni. Hilo halifundishwi kwa urahisi. Nimekuwa na wasichana wenye mikono ya ajabu waliokaa kimya nyuma ya mpigaji, na timu nzima ikapotea njia.

Na umbo la marehemu nyanya yake, mabega na mapaja, usilione kuwa upungufu. Hapo nyuma ni mtaji.

Sasa magoti, maana najua hujaacha kuyafikiria. Hofu yako ni ya haki na sitaipuuza. Kwanza, mdakaji hachuchumai saa mbili. Anashuka mpira unapokuja, anasimama, na nusu ya mchezo timu yake inapiga, yeye ameketi au ameshika gongo. Mechi nzima ni awamu saba. Pili, siku hizi wadakaji wengi huweka goti moja chini besi zikiwa wazi, na mzigo unapungua. Mwombe kocha amfundishe mkao huo. Tatu, nguvu ya mapaja na nyonga ndiyo inayoyalinda magoti, kwa hiyo mazoezi ya kuinuka na kushuka polepole, mara tatu kwa wiki, yawe kama kupiga mswaki. Akisema goti linauma kwa ndani, au limevimba asubuhi yake, apumzike na aonwe na daktari. Asifunge bandeji akarudi kucheza.

Kile kifaa nilichokisema ni kinga. Kofia yenye kinga ya chuma usoni na ya koo, ya kifua, na za miguu zinazofunika goti hadi kwenye kifundo. Kama timu haina seti kamili, asichuchumae nyuma ya gongo hata kwa mazoezi. Ile alama ya pajani ilipona. Jicho ni jambo jingine. Glavu ya mdakaji ni nene na ya duara, si sawa na ile ya wengine. Ukibahatika kuikuta kwenye mitumba Gikomba, ijaribu kwanza: mtoto anayerusha kwa mkono wa kulia huvaa glavu mkono wa kushoto, na wauzaji wengi hawajui tofauti hiyo.

Jambo moja nakuomba umweleze baba kwa msisitizo. Asidake mechi ya asubuhi halafu arushe ya mchana. Wakati mmoja nilikuwa na msichana mwenye mkono wenye nguvu kuliko wote, kwenye shule niliyofundisha. Tulikuwa tunataka kombe. Alidaka Ijumaa, akarusha Jumamosi asubuhi, akadaka tena jioni, na mimi ndiye niliyeandika jina lake kwenye karatasi mara zote tatu. Bega lake halikurudi kuwa lile. Alikuwa na miaka 16. Kombe tulilipata, na sijawahi kulitazama nikafurahi.

Ingawa nasema adake, asiwe wa nafasi moja. Timu ya chuo hubeba wadakaji wawili au watatu, na anayecheza zaidi ni mmoja. Nafasi yake ya pili ningeiweka besi ya tatu. Pale anasimama karibu na mpigaji, mipira inakuja kwa kasi, mara nyingine mpigaji anaugusa kidogo tu ili uangukie karibu na lazima mtu auwahi na kuurusha kwa nguvu hadi besi ya kwanza. Panahitaji mkono, moyo na hatua tatu za haraka. Mbio ndefu hazihitajiki sana.

Na gongo! Umelitaja kwa sentensi moja mwishoni kana kwamba ni jambo dogo, wakati mimi ningelianza nalo. Makocha wa vyuo wanaweza kumhamisha mchezaji kutoka nafasi moja hadi nyingine, lakini anayepiga mpira vizuri hutafutiwa mahali. Kanuni za softiboli zinaruhusu hata mpigaji ambaye hachezi ulinzi. Basi nusu ya muda uliokuwa ukienda kwenye kurusha ukutani uende kwenye kupiga. Simikeni kipande cha bomba la maji kwenye debe la zege, kifike kiunoni mwake, mpira ukae juu. Na ile mipira ya soksi ya utotoni mwake irudi kazini: hiyo ataipiga kwa nguvu zake zote pale kwenye maegesho bila kuvunja kioo cha mtu.

Kuhusu masomo nitasema kwa haraka, si kwa kuwa ni madogo. NCAA huangalia matokeo kuanzia Gredi ya 9, kwa hiyo yanayohesabiwa tayari yameanza kuandikwa. Kwa daraja la kwanza wanataka masomo 16 ya msingi, yakiwemo Kiingereza, Hisabati na Sayansi, kwa wastani usiopungua 2.3 kwenye kipimo chao cha 4. Asiikimbie Hisabati. Alama nzuri humletea pia ufadhili wa chuo chenyewe, na mara nyingi kipande hicho huwa kikubwa kuliko cha michezo. Akimaliza shule asikae miaka akicheza ligi za hapa akingojea bahati, kwa sababu muda huo unaweza kupunguza misimu atakayoruhusiwa kucheza kule.

Makocha wa daraja la kwanza hawaruhusiwi kuzungumza na mchezaji kabla ya Septemba 1 ya mwaka wake wa Gredi ya 11. Yeye anaweza kuwaandikia hata leo, lakini wao hawawezi kumjibu juu ya kumchukua. Nakwambia hivi ili ukimya wao usimvunje moyo, na usiwasukume nyinyi mikononi mwa wakala. Aanze barua pepe zake mwenyewe, kwa maneno yake: jina, mwaka atakaomaliza, nafasi, urefu, alama za darasani na kiungo cha video. Ziende pia kwa vyuo vidogo ambavyo kaka yako hajawahi kuvisikia. Huko wadakaji hutafutwa kwa sababu warushaji wanahitaji mtu wa kuwadakia kila siku ya mazoezi, na wasichana wanaokubali kazi hiyo si wengi.

Kaka yako yuko Texas, jambo ambalo familia nyingi hazina. Msimpe kazi ya kuchagua nafasi. Mpeni kazi ya kwenda kutazama mechi za vyuo vya karibu naye, kati ya Februari na Mei, akamwangalie mdakaji tu awamu zote saba, kisha ampigie mpwa wake simu Jumapili amweleze alichokiona.

Baba ndiye ninayemhofia zaidi, maana ametoa jasho kwenye yale maegesho na hastahili kuambiwa kwamba alipoteza muda. Hakuupoteza. Mkono wa binti yenu umeimarika kwa sababu yake, na mkono huo ndio unaofika besi ya pili. Usimweleze mbele ya mtoto wala mbele ya kocha. Mwambie mkiwa wawili, na umwambie kuhusu Ijumaa, kwa sababu nadhani hajui. Halafu mpe saa. Jumamosi hii aje uwanjani, asimame pembeni ambapo anaona mdakaji na besi ya pili kwa pamoja, wewe ushike simu urekodi kwa mwendo wa polepole. Mipira kumi, mfululizo, bila kukata, hata ile itakayokwenda hewani. Aziandike namba zote kumi kwa mkono wake kwenye daftari na tarehe juu. Wiki nne baadaye arudie, mahali palepale.

Nitumie kurasa hizo mbili za daftari, nami nitakwambia ni vyuo vya aina gani aanze kuviandikia. Na uniambie kama Ijumaa jioni alikula.

Mwalimu